Yupo Kituo Gani?



Leo nazungumzia daftari. Lile kubwa lenye jalada gumu linalokaa juu ya kaunta ya kituo cha polisi, ambalo wengi wetu tumelisoma kichwa chini kwa sababu siku zote limeelekezwa upande wa askari. Mtu akikamatwa, jina lake huandikwa humo pamoja na saa aliyoletwa, aliyemleta, kosa analotuhumiwa na vitu alivyokutwa navyo mwilini: simu, mkanda, noti mbili tatu. Sasa nauliza: nani mwenye haki ya kujua kilichoandikwa? Mimi? Wewe? Mama yake? Au kila mwenye simu?

Nianzie mbali kidogo. Kule Marekani, katika mji wa wastani kama Dayton, jimbo la Ohio, ambako wako Wakongo wanaozungumza Kiswahili kama mimi na wewe, gereza la kaunti linasimamiwa na sherifu. Mtu akikamatwa akapelekwa pale, jina lake linaingia kwenye orodha iliyo wazi kwenye intaneti. Huhitaji kuwa ndugu yake wala kueleza unamtafutia nini. Katika kaunti nyingi za nchi ile utakuta siku aliyoingia, kosa analotuhumiwa, kiasi cha dhamana, na mara nyingi picha ya uso wake, macho mekundu, nywele timutimu, kama alivyo mtu yeyote aliyepigwa picha usiku wa manane bila kuambiwa ajiandae.

Wamarekani wana hoja yao, na si hoja ya kupuuza. Wanasema serikali inayoweza kumkamata mtu bila jirani kujua ni serikali ya kuogopwa. Kwa hiyo waliokamatwa wajulikane, na mama wa kijana aliyechukuliwa saa nane usiku asilazimike kumwomba mtu yeyote ruhusa ya kujua mwanawe alipo.

Lakini walipolifungua hilo dirisha, wakaingia wachuuzi. Zikaibuka tovuti zinazozoa picha za waliokamatwa, zinaziweka pamoja na majina, halafu zinamtoza mwenye picha pesa ili iondolewe. Mtu kesi yake imefutwa, hakimu kasema nenda nyumbani, lakini akiomba kazi, mwajiri anaandika jina lake kwenye simu na ile picha ndiyo inayotangulia. Jimbo la Georgia lilitunga sheria dhidi ya biashara hiyo mwaka 2013, California ikafuata mwaka 2014. Mwaka 2020 polisi wa jiji la San Francisco wakatangaza kwamba hawatatoa tena picha hizo hovyo, ila pale usalama wa watu unapodai. Uwazi ule ulikuwa na bei, na walioilipa ni watu ambao hakuna mahakama iliyowatia hatiani.

Basi turudi kwetu Shinyanga na Geita, maana huku tuna shida ya namna nyingine kabisa.

Chukua mwanamke wa Kishapu ambaye mwanawe yuko machimboni upande wa Nyarugusu au Mgusu, au kwenye rashi mpya ya dhahabu ambayo hata jina bado haijapata. Siku mbili simu ya kijana haipatikani. Siku ya tatu mwenzake anapiga, kwa sauti ya chini: mama, walimchukua juzi usiku. Nani? Hajui vizuri. Walikuwa na gari. Wengine wanasema polisi, wengine wanasema walinzi wa mgodi. Walimkuta kwenye magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi. Mwingine anadai ni suala la kaboni iliyoibwa kwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu. Wakampeleka wapi? Labda Katoro, labda Geita mjini.

Huyo mama anaanzia wapi?

Anayekujua huku kwetu anaelewa ugumu wake. Machimboni mtu ana majina matatu. La kwanza liko kwenye kitambulisho cha NIDA. La pili ni la nyumbani, Masanja au Shija, na ukifika kaunta ukasema unamtafuta Masanja, askari ana haki ya kukuuliza Masanja yupi kati ya Masanja wote wa Usukumani. La tatu ni la duarani, yaani la shimoni, Mjeshi, Chuma, Mzee wa Karasha, na hilo ndilo pekee wenzake wanalolijua. Kijana akiogopa akataja jina la nne pale kaunta, basi umempoteza.

Kisha kuna suala la mkono uliomkamata. Walinzi wa mgodi wakimshika mtu ndani ya uzio wanatakiwa kumkabidhi kwa polisi, na kabla ya hapo jina lake haliko kwenye daftari lolote la kituo. Vivyo hivyo kwa mgambo wa kijiji na kwa sungusungu. Watu wa misitu wanakamata, uhamiaji wanakamata, TAKUKURU wanakamata. Mkuu wa Wilaya na Mkuu wa Mkoa nao, kwa Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997, wanaweza kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na kukabidhi ripoti yake kwa Rais mwezi Julai 2023, iligusia hasa wingi huu wa mikono inayokamata na namna mamlaka hayo ya viongozi wa mikoa na wilaya yanavyotumika. Kwa wataalamu hilo ni suala la muundo wa taasisi. Kwa mama wa Kishapu ni suala la nauli: kila mkono una ofisi yake, na kila ofisi iko mji mwingine.

Na hata akiwa mikononi mwa polisi, kituo kidogo cha machimboni mara nyingi hakina mahabusu ya kulaza watu. Kinampokea, kinaandika, kinampeleka kituo cha wilaya. Ukifika asubuhi ukauliza kama yupo, unajibiwa hayupo. Na ni kweli hayupo! Hukudanganywa. Uliuliza swali fupi, ukapewa jibu fupi.

Hapo ndipo anapotokea kishoka.

Mnamjua. Anakaa chini ya mwembe nje ya kituo au mlangoni pa mahakama, ana kalamu mfukoni na bahasha kwapani. Anamwona mama amechanganyikiwa, anamsogelea kwa heshima zote, shikamoo mama, unamtafuta nani? Anaingia ndani dakika kumi, anatoka na jibu: kijana yupo, kosa lake ni hili, ila ili jalada lisiende mbali inabidi "tuongee." Kuna kishoka wa pili ambaye hata kituoni hafiki. Yeye anapiga simu tu, anajiita afande fulani, anataja jina la kijana, anataka pesa ya dhamana itumwe kwenye namba aliyoitaja. Mama anauza mbuzi.

Angalieni jambo hili kwa makini. Kule Marekani daftari liko wazi kwa kila mtu, na wachuuzi wanauza kufutwa. Huku kwetu daftari limefumbwa hata kwa mzazi, na vishoka wanauza kuonekana. Bidhaa ni ileile, jina la mtu aliyekamatwa. Mimi nadhani tuna nafasi ya kufanya vizuri kuliko wao, kwa sababu sheria zetu, ukizisoma kwa utulivu, hazikumkusudia mama huyu afumbiwe.

Katiba yetu, ibara ya 15, inalinda uhuru wa mtu na inataka anayenyimwa uhuru huo anyimwe kwa utaratibu wa sheria tu. Ibara ya 13 inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla mahakama haijamtia hatiani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, ile ya mwaka 1985 ambayo imefanyiwa marekebisho mengi tangu hapo, inataka anayekamatwa aambiwe sababu ya kukamatwa kwake. Inaweka saa 24 kuwa kipimo cha kumfikisha mahakamani pale anapoendelea kushikiliwa. Na lipo jambo moja ambalo watu hawalijui kabisa: mtu aliye chini ya ulinzi akiomba kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki anayemtaka, askari anapaswa kumwezesha. Wanapaswa kumwezesha mchimbaji wa Mgusu kama wanavyomwezesha mfanyabiashara wa Kahama. Askari anaweza kukataa ombi la kuwasiliana na ndugu au rafiki, kwa mfano akihofia kwamba simu ile itawastua wenzake watoroke na ushahidi, lakini lazima awe na sababu za msingi.

Wengine huniambia tumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Ni sheria nzuri kwa bajeti ya halmashauri na mikataba ya barabara. Lakini inampa mtoa taarifa hadi siku 30 za kujibu, na inaruhusu kuzuiwa kwa taarifa zinazoweza kuharibu upelelezi au kuingilia faragha ya mtu. Siku 30 za kuuliza habari za mtu ambaye sheria inataka afike kwa hakimu ndani ya saa 24! Hiyo siyo njia ya mama wa Kishapu.

Na mkoa huu wa Shinyanga una sababu yake ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Wazee wanakumbuka. Mwaka 1976, katika operesheni ya kuzima mauaji yaliyohusishwa na imani za uchawi, watu walikamatwa kwa wingi mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na baadhi yao waliteswa na kufa wakiwa mikononi mwa dola. Habari zilipomfikia Mwalimu Nyerere, moto ukawaka. Waziri wa Mambo ya Ndani hakuwa amemgusa mtu yeyote kwa mkono wake, lakini mapema mwaka 1977 alijiuzulu kwa kuwa waliotenda walikuwa chini ya wizara yake. Jina lake Ali Hassan Mwinyi. Miaka minane baadaye akawa Rais wa nchi hii. Baadhi ya maofisa waliohusika walipelekwa mahakamani, wakatiwa hatiani. Tunapomsifu Mzee Mwinyi kwa uwajibikaji, na tunamsifu kila mwaka, tukumbuke uwajibikaji ule ulihusu nini: watu wa huku kwetu walioingia mahabusu wakiwa hai wasitoke.

Majirani zetu Wakenya wana kisa chao cha karibu zaidi. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josphat Mwendwa na dereva wa teksi Joseph Muiruri walichukuliwa wakitoka mahakamani Mavoko, wakafungiwa katika kambi ya polisi wa utawala ya Syokimau. Majina yao hayakuandikwa. Kumbukumbu pekee ya kukamatwa kwao ilikuwa kipande cha karatasi ya chooni chenye ujumbe, kilichorushwa nje kwa matumaini kwamba mpita njia atakiokota. Kiliokotwa, lakini miili yao ilikuja kupatikana mtoni. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Nairobi iliwatia hatiani maofisa watatu wa polisi pamoja na mtoa habari wao, na mwaka uliofuata mkuu wa njama ile akahukumiwa kifo. Nimekitaja kisa hiki kwa sababu kinaonyesha daftari la kaunta linamlinda nani. Linamlinda aliyeandikwa. Na linamlinda pia askari mwadilifu, ambaye kesho akiulizwa huyu mtu ulimfanya nini, anafungua ukurasa na kuonyesha saa aliyompokea, saa aliyomkabidhi, na sahihi ya aliyempokea.

Lakini si kila mkono unaokamata una daftari kama hilo. Sungusungu, kwa mfano, walioanzia upande huu wa Kahama mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, waliachiwa kufanya kazi kwa miaka kadhaa kabla sheria haijawatambua mwaka 1989. Walirudisha ng'ombe wengi, sitawanyima sifa hiyo. Lakini mtu akishikwa na sungusungu, nani anaandika? Hata leo ni swali zuri kumuuliza mwenyekiti wako wa kijiji.

Sasa kuna kichekesho ambacho hakinichekeshi. Taarifa hii ambayo mama ananyimwa kaunta, ananyimwa kwa kuambiwa ni siri ya upelelezi, wiki moja baadaye unaiona kwenye televisheni. Kamanda ameita waandishi wa habari. Nyuma yake, au mbele ya meza yenye mizani na magunia ya mawe ya dhahabu, wamepangwa vijana wanne wamekaa chini, miguu peku, na majina yao yanatajwa moja moja. Jioni picha ziko kwenye makundi ya WhatsApp kuanzia Ushirombo hadi Mwanza. Mama anamwona mwanawe hapo kwa mara ya kwanza, kupitia simu ya jirani. Yaani tumechukua sehemu mbaya kabisa ya mtindo wa Marekani, picha ya aibu kabla ya hukumu, tukaacha sehemu nzuri, ya ndugu kujua mtu wao alipo.

Nasema hivi bila kuwachukia makamanda. Najua wananchi wanataka kuona polisi wanafanya kazi, na kazi ya kulinda ukanda wa dhahabu ni ngumu. Lakini tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na sheria hiyo inahesabu taarifa zinazohusu makosa ya mtu kuwa miongoni mwa taarifa nyeti. Ni vigumu kuelewa taarifa iwe nyeti kwa mama na isiwe nyeti kwa kamera.

Mtu akishafika mahakamani hali inabadilika. Kesi zetu kwa kawaida husikilizwa hadharani, na yeyote anaweza kuingia na kukaa kimya nyuma. Hukumu na maamuzi ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani yanawekwa kwenye tovuti ya TanzLII, ambayo kuisoma ni bure. Ukiandika Shinyanga utapata hukumu tele za mauaji, za wizi, za migogoro ya mashimo, pamoja na majina ya washtakiwa. Kwangu hilo ni sawa, maana hapo mtu ameshasikilizwa na jaji ameandika sababu zake. Aliyeshinda rufaa anaweza kuichapa hukumu hiyo akaitembeza kijijini.

Na wewe mwajiri unayetaka kujua kama kijana unayemwajiri alishawahi kutiwa hatiani, usiende kunong'ona na askari unayemfahamu. Mwambie mwenyewe akaombe polisi cheti cha rekodi ya uhalifu, kile tulichozoea kukiita cha tabia njema. Anachukuliwa alama za vidole, anapewa karatasi yake, anakuletea mwenyewe.

Kwa mama wa Kishapu, na kwa yeyote ambaye simu ya mtu wake imezimwa ghafla machimboni, nina maneno machache ya kazi. Kabla hujapanda gari, andika kwenye karatasi majina yote matatu, la NIDA, la nyumbani na la duarani, jina la baba, mahali alipokamatiwa, siku na saa, na nguo alizovaa. Usishangae simu kuzimwa, kwani huchukuliwa pale kaunta na kuandikwa pamoja na mali zake. Ukifika kituoni, usiulize tu kama yupo. Uliza kama aliletwa, aliletwa lini, na kama ameondolewa, ameondolewa na nani kwenda kituo gani. Askari wa kaunta akikukatalia, mwombe kwa adabu kumwona mkuu wa kituo. Huyo akishindwa, panda hadi kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya au mkuu wa polisi wa wilaya. Andika jina la kila aliyekujibu.

Siku ya pili asubuhi nenda mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi kabla karandinga halijafika, umwone karani wa kesi za jinai. Ukiambiwa amepelekwa rumande, ofisi ya mapokezi ya gereza, iwe Kahama, Shinyanga, Geita au Butimba, ina jina lake. Zikipita siku bila jibu lolote kutoka popote, wakili anaweza kupeleka ombi Mahakama Kuu ili aliyemshikilia aamriwe kumleta na kueleza kwa nini anamshikilia. Na dhamana ya polisi haina malipo. Atakayekutajia bei yake, iwe kwa simu au chini ya mwembe, anakuibia.

Kwa makamanda wa polisi wa mikoa ya Shinyanga na Geita nina ombi moja, na halihitaji tovuti wala picha ya mtu. Wekeni namba moja ya simu kwa kila mkoa, ya bure, inayopokelewa usiku na mchana, ibandikwe kila kituo cha basi na kila lango la machimbo. Ndugu anapiga, anajitambulisha, anataja jina, anajibiwa mambo mawili tu: yupo au hayupo, na kama yupo, kituo gani. Kosa lake, jalada lake na maelezo yake vibaki ndani hadi mahakamani. Majina mnayo tayari, kila kituo kinayaandika kila siku.